Kibao cha Noeli, Kimihurura

Mwezi uliopita tulimzika Konsolata. Tulipotoka makaburini tulikwenda kukaa nyumbani kwa binti yake huko Kagugu, Kigali, wanaume uani chini ya turubai, wanawake sebuleni kwenye viti vya kukodi vilivyobanana hadi mlangoni. Mimi niliingia na kibao changu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe, nikasogeza birika la chai na sahani ya maandazi, nikakiweka katikati ya meza na kukifunua. Kulikuwa na aina tatu za jibini, asali kwenye kibakuli, karanga za kukaanga, na matunda yale mekundu tunayoyaita ibinyomoro, yamekatwa nusu nusu. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe, mtu wa makamo aliyekulia Bujumbura, akanisogelea na kuniambia kwa adabu, "Mama Zaituni, unisamehe. Kwenye kilio kweli watu banakula foromaji? Hii si iko kitu ya fete, ya sherehe?" Sikushusha sauti. Nikamwambia, "Dada, huyu tuliyemzika leo ametengeneza foromaji, jibini hii, miaka hamsini. Ukitaka tumlilie kwa biskuti za dukani, zilete, tutaziweka pembeni." Akanitazama, akatabasamu kidogo, akachukua kisu na kujikatia.

Nimeulizwa swali la namna hiyo maisha yangu yote, kila mara kwa sura mpya. Napanga vibao vya jibini kwa ajili ya Noeli, Idi, harusi na ubatizo, na bado kuna mtu atakayeniuliza kwa nini mwanamke wa Kiislamu wa Biryogo, mwenye kilemba kichwani, anajishughulisha na chakula cha wazungu. Zamani nilikuwa natafuta maneno ya kueleza taratibu. Sasa nimezeeka, sielezi taratibu. Maziwa ni yetu, nyasi ni zetu, mikono iliyokoroga ni yetu, na nawajua kwa majina wenye mikono hiyo. Siku ile Kagugu, nilipokuwa nikitazama watu wakila kimya kimya vidole vikiwa na asali, niliamua kuandika mambo ya mwaka 1993 kama yalivyokuwa. Sitaanza na baba na mama, wala na namna ukoo wetu ulivyofika Biryogo, kwa maana hayo yana watu wake wa kuyasimulia. Naanza na jiko.

Jiko lilikuwa Kimihurura, kwenye nyumba ya Madamu Odile, mke wa mshauri mmoja wa Ulaya aliyekuwa akifanya kazi na serikali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia pale mwezi wa Januari kusaidia kuosha vyombo na kupeleka chakula mezani. Lilikuwa jiko refu lenye madirisha mawili, moja likitazama bustani na jingine likitazama ukuta wa jirani, na kati yake meza ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani ambayo kila asubuhi niliisugua kwa limau. Friji zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa ya kila kitu. Ndogo ilikuwa ya Madamu peke yake, na ndani yake kulikuwa na jibini zilizokuja kwa ndege, zimefungwa kwenye karatasi zenye picha za milima na majumba. Jibini ya nchini, zile duara za rangi ya manjano zinazotoka nyanda za Gishwati, ilikaa kwenye rafu chini ya sinki, karibu na sabuni. Hiyo ilikuwa ya kukwangua juu ya makaroni na ya mikate ya wafanyakazi. Nilimsikia Madamu mara nyingi akiwaambia wageni wake barazani, kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayesifia mbwa mtiifu: "Ya hapa si mbaya, kwa kukwangua."

Mpishi aliitwa Anastazi, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyekwisha kupita miaka hamsini. Kila aliposikia neno hilo la kukwangua aliacha anachofanya, akafuta mikono yake kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, halafu akaendelea. Alizaliwa Gishwati. Mapadri walimfundisha kutengeneza jibini akiwa kijana, naye akamfundisha dada yake Konsolata, kisha akashuka Kigali kutafuta kazi na kumwachia dada yake sufuria. Kiswahili alikiokota Goma, na alipenda kukisema na mimi kwa sababu, alidai, kilimpumzisha masikio na Kifaransa cha Madamu. Alinifundisha kazi ile bila kuniambia kwamba ananifundisha. Tukiwa tunakula maharage yetu mchana, alitoa duara moja chini ya sinki, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kunisogezea sikioni. "Sikia. Hii inasema dum. Iko imejaa. Ikisema kama ngoma ya tupu, ndani iko na pengo." Alinionyesha kwamba jibini ikitoka kwenye baridi haina ladha, lazima ikae mezani hadi ilegee na kuanza kunukia. Alinionyesha kwamba duara hukatwa kama keki ili kila mtu apate moyo na ganda, na ngumu haikatwi, inavunjwa kwa ncha ya kisu. "Mtu akikata vibaya," alisema, "wa kwanza anakula foromaji, wa mwisho anakula ngozi. Hiyo ni uonevu."

Mwaka ule watu walisema sana neno amani. Mwezi wa pili vita vya serikali na waasi vilikuwa vimesogea, tukaona watu waliokimbia makwao wakilala kando ya barabara chini ya maturubai. Mwezi wa nane mkataba ukatiwa saini, na wageni wa Madamu wakagonganisha glasi barazani. Baadaye wakaja askari wa kigeni wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu. Lakini mimi nilikuwa napeleka sahani, na anayepeleka sahani husikia. Niliwasikia wakubwa wetu, waliokaa kwenye viti vile vile na kugonganisha glasi zile zile, wakigeukia Kinyarwanda pale walipodhani Madamu hajui na mimi sihesabiki. Walisema fulani ana watoto wengi mno jeshini kwa wale waasi. Walisema mtaa fulani unajulikana. Nilirudi jikoni na kumwambia Anastazi niliyoyasikia. Yeye aliendelea kumenya viazi. Siku moja tu alinijibu. "Zaituni mwana wangu, kitambulisho yangu iko na neno moja ndani, ya kabila yangu, na wao banalijua. Mimi nakuja kazini, napika, narudi. Siku batasema nisipike, tutaona."

Desemba ikafika. Kila mwaka Madamu alifanya karamu ya mchana siku moja baada ya Noeli, na kilele chake kilikuwa kibao cha jibini: aina saba au nane, zote za ndege, zimepangwa na yeye mwenyewe, watumishi wakiwa hawaruhusiwi kugusa. Mwaka huo ilikuwa iangukie Jumapili, na wageni waalikwa walikuwa ishirini na wawili. Sanduku likachelewa. Likafika uwanja wa ndege, likakaa ghalani kwenye joto siku tatu kwa sababu ya karatasi isiyokuwa na muhuri. Dereva alipolileta, tulilinusa kabla hajafungua mlango wa gari. Zile laini zilikuwa zimepasuka na kuwa uji, na uji huo ulikuwa umezilowesha nyingine zote. Madamu alikaa kwenye kigoda cha jikoni, kigoda changu, akalia. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini katikati ya kulia akasema, "Basi mwaka huu hakuna jibini katika nchi hii."

Sijui nini kilinipanda. Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki, na chini ya sinki kulikuwa na duara mbili za jibini. Nikasema, "Madamu, jibini ipo. Tutakupangia kibao."

"Kwa kitu gani?" aliniuliza, akifuta macho. "Kwa ile ya kukwangua?"

"Hujawahi kuona nyingine," nikasema. "Mpe Anastazi siku nne."

Anastazi alikuwa akinitazama kama mtu aliyesukumwa jukwaani. Madamu alitutazama sote wawili, akatazama lile sanduku, akasema tufanye tunavyoweza, ila tusimwaibishe. Alipotoka, Anastazi alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema kwamba dada yake huwa anaacha jibini nyingine zizeeke, zile ambazo wafanyabiashara hawazitaki kwa sababu ni ngumu na hazina sura. Kama zipo bado, tuna kibao. Ila yeye hawezi kupanda huko. Kulikuwa na bariyeri nyingi, vizuizi vya askari, kwenye barabara ya kaskazini, na siku hizo mtu mwenye neno lake kwenye kitambulisho aliweza kushushwa na asipande tena. Nilimwambia nitakwenda mimi. Aliandika karatasi kwa dada yake, mistari mitatu tu, akaisoma, akaichana. "Utamwambia kwa mdomo," alisema. "Karatasi inaongea na kila mtu."

Nilipanda kwa gari dogo la mizigo, kamyoneti ya mama mmoja wa Nyamirambo aliyekuwa akifuata viazi, na nikafika kwa Konsolata asubuhi ya pili, ukungu ukiwa bado kwenye mihindi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, tofauti kabisa na kaka yake, na aliponisikiliza hakunikaribisha nyumbani kwanza bali alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha jibini. Nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa, dirisha moja dogo lenye wavu, mbao za mikaratusi kutoka chini hadi darini, na juu yake duara za jibini kama nyuso za watu waliolala. Kulikuwa na baridi na harufu ya maziwa, chumvi na uyoga. Konsolata alipita rafu moja baada ya nyingine, akigeuza kila duara na kulipangusa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, huku akiongea na mimi bila kunitazama. Alinipa changa ya wiki tatu, nyeupe, inayonesa kwa kidole. Alinipa ya miezi sita. Alinipa moja aliyoisugua kwa majivu na samli, nyeusi nje, na moyo wake ukiwa na rangi ya dhahabu. Kisha akapanda kwenye kigoda na kushusha kutoka rafu ya juu kabisa duara dogo lenye ganda kama jiwe la mtoni. "Hii ina mwaka na nusu," alisema. "Mume wangu alisema niwape nguruwe wa jirani. Nikakataa."

Mume wake alikuwa mtu ambaye kitambulisho chake kilipita kila mahali, na ndiyo sababu nyumba ile ilikuwa bado imesimama wakati nyingine pale mlimani zilikuwa zimebaki kuta. Nilipokuwa nakunywa uji nilimsikia nyuma ya ua akizungumza na jirani. Jirani alisema kwamba kuna watu walipita wakihesabu kaya, na waliuliza mke wake ni wa wapi. Mume akajibu kwamba mke wake ni wa nyumbani kwake. Jirani akasema hilo si jibu wanalolitaka. Konsolata alisikia kama nilivyosikia mimi. Akarudi kwenye chumba chake, nami nikamfuata, nikamkuta ameshika duara jipya, bado lina alama za kitambaa. "Hili litaiva Pasaka," akasema. "Nani atalila, sijui. Mimi nageuza."

Wakati wa kurudi tulisimamishwa mara nne. Mara ya tatu walikuwa askari watatu na vijana wengine wasio na sare, na mmoja wa askari akataka kujua kilichofungwa kwenye kanga yangu. Nilisema ni jibini. Akasema ni mabomu. Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akachomoa singe, akaiegemeza katikati ya duara la mwaka na nusu. Mama wa viazi alinikanyaga mguu ili ninyamaze, na hadi leo ananikumbusha kwamba sikunyamaza. Nilisema, "Afande, ukiitoboa katikati itapasuka yote na hutaonja. Niachie nikukatie." Nilitoa kisu changu kidogo cha jikoni, mbele ya watu wenye bunduki, nikakaa kwenye gunia na kuvunja ukingo wa duara lile kama nilivyofundishwa. Nikampa yeye kipande, na wenzake vipande. Walitafuna. Yule wa singe alitafuna muda mrefu akinitazama, kisha akauliza imetoka wapi. Nikasema sokoni. Akatupungia mkono tupite. Sijawahi kujivunia kuwalisha watu wale. Najivunia kwamba nilikata mimi, na kwamba jina la Konsolata sikulitaja pale.

Ubao niliuchongesha Kimisagara, kwa Hemedi, seremala aliyekuwa akitengeneza vigoda na vitanda kwenye banda la mabati bondeni. Nilimwambia nataka ubao wa urefu wa mkono mzima, laini, bila rangi wala vanishi, kwa sababu chakula kitakaa juu yake. "Hii kibao iko ya nini?" aliuliza. "Ya mkate haiwezi kuwa kubwa hivi." Nikamwambia ni ya foromaji ya wakubwa. Akatafuta kipande cha mparachichi kilichokauka vizuri, akakipiga randa huku akiguna, na alipomaliza akapitisha shavu lake juu ya ubao kuona kama kuna sehemu inayokwaruza.

Jumapili ile mimi na Anastazi tulianza saa mbili asubuhi. Tulitoa jibini zote zikae kwenye hewa. Tulipanga kama uso wa saa: changa ya wiki tatu juu, kisha ya miezi sita, kisha ile ya majivu, na mwisho ile nzee, imevunjwa vipande vipande kama mawe madogo, ili mgeni aanze na upole na amalizie na ukali, asipoteze ulimi njiani. Kati yake tuliweka ibinyomoro, marakuja ambayo wengine huyaita pasheni, karanga, asali ya nyuki wa msituni, na mkate alioupika Anastazi kwa unga wa mtama. Madamu alikuwa ameacha nyama ya nguruwe iliyokaushwa ili iwekwe katikati. Nilimwambia Anastazi kwamba hiyo siigusi, na kwenye kibao nitakachobeba mimi haitakaa. Akasema, "Basi itakaa kwenye sahani yake yenyewe, itajibeba." Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nilikata vikaratasi vinne na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: Gishwati, wiki tatu. Gishwati, miezi sita. Gishwati, majivu na samli. Gishwati, mwaka na nusu. Na chini ya kila kimoja: Konsolata. Madamu alipokuja kukagua alisimama mlangoni, mkono kifuani. Alisema ni kizuri sana. Akakizunguka. Halafu akaviokota vikaratasi vyote vinne, akanipa mkononi. "Wageni hawana haja ya kusoma," alisema. Nikavitia mfuko wa aproni.

Nilikibeba mimi hadi barazani. Watu waliinuka kwenye viti vyao. Nimepanga mamia ya vibao baada ya hapo, na sijapata tena kuona watu wakikiinukia kibao. Walianza kwa heshima, wakaendelea kwa pupa. Mzee mmoja wa ubalozi alitafuna ile ya mwaka na nusu, akafumba macho, akasema inamkumbusha kijiji cha mama yake milimani, akamwuliza Madamu ameipata wapi. Na Madamu, mashavu yakiwa mekundu kwa furaha na divai, akasema, "Ilikuja kwa ndege, Alhamisi."

Madamu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Aliwahi kunipeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe nilipoungua. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika kibao, mgongo ukiniuma kwa safari ya viazi, na nilisikia uongo ule ukiingia kwenye vinywa vya watu pamoja na jibini ya Konsolata. Nikasema kwa Kifaransa, si kwa sauti kubwa, "Hapana, bwana. Imetoka Gishwati." Nikakiweka kibao mezani, nikatoa vikaratasi mfukoni, na kukirudisha kila kimoja mahali pake. Niliviweka vikanyooka.

Kulikuwa na bwana mmoja wa wizara kwenye meza ile, mtu mcheshi, mwenye suti ya kijivu. Alikuwa mmojawapo wa wale waliokuwa wakigeukia Kinyarwanda. Alinyoosha mkono, akaokota kikaratasi cha ile nzee, akakisoma polepole. "Konsolata," alisema. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyarwanda, kwa upole kabisa, "Huyu Konsolata ni nani? Anakaa upande gani wa Gishwati?"

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimefanya. Kwenye bariyeri nililimeza jina lile, na hapa nimeliandika kwa mwandiko mzuri na kuliweka mbele ya mtu huyu kwenye meza yenye maua. Nilifungua mdomo nidanganye. Mlango wa jikoni ukafunguka. Anastazi alitoka na aproni yake, mikono ikiwa na unga, akaja hadi kwenye ukingo wa baraza ambako hakuwahi kufika wakati wa wageni, akasimama.

"Ni dada yangu, mheshimiwa," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha. Sisi ni watu wa ng'ombe, tangu zamani. Hiyo foromaji unayokula ni yetu."

Kila Mnyarwanda aliyekuwepo alielewa alichokisema, kwamba ametaja lile neno la kwenye kitambulisho chake, na wazungu walielewa kwamba kuna kitu. Bwana wa wizara alimtazama muda. Kisha akacheka, akasema ni kweli, ni tamu, akavunja kipande kingine na kukitia mdomoni. Alipokuwa anatafuna, nilimwona akikikunja kile kikaratasi mara mbili na kukitia mfuko wa ndani wa koti lake, pale watu wanapoweka kalamu.

Nilizunguka meza. Nilipita nyuma ya viti saba, navikumbuka vyote. Nikasimama kando yake, nikanyoosha mkono wangu wazi mbele yake. "Mheshimiwa," nikasema, "naomba karatasi yangu."

"Karatasi gani?"

"Uliyoweka mfukoni. Ni ya kibao."

Madamu aliita jina langu. Sikugeuka. Yule bwana aliacha kutabasamu, na nikaona jinsi uso wake ulivyo pale asipotabasamu. Mkono wangu ulibaki pale. Mzee wa ubalozi akaweka glasi chini, watu wote wakawa wanatazama kiganja changu, na nadhani ni macho yale yaliyoniokoa. Yule bwana akatoa kikaratasi, akakidondosha mkononi mwangu kama mtu anayetupa ganda la karanga. Nikamshukuru. Nikarudi jikoni, nikakitia kwenye jiko la mkaa na kukitazama hadi kikawa majivu, na vile vingine vitatu nikavifuata baadaye nilipokwenda kuondoa vyombo. Anastazi alikuwa amerudi kwenye sinki. Alinipa kikombe cha chai, akasema, "Kunywa, una baridi."

Kesho yake Madamu aliniita sebuleni, akaniambia niandike barua ya kuomba radhi kwa yule bwana, atanipelekea yeye. Nikamwambia sina radhi ya kumwomba. Alisema kwamba hanielewi, kwamba alinitendea kama mtu wa nyumbani. Nikamwuliza kwa nini basi alisema ilikuja kwa ndege. Akageukia dirisha. Mchana ule ule nilikunja aproni yangu, nikaiacha juu ya meza ya kijani, na nikashuka Kimihurura kwa miguu. Nilimsihi Anastazi tuondoke pamoja. Alikataa. Alisema nyumba ile ina ukuta mrefu na bendera getini, na yakitokea ya kutokea, ukuta wa wazungu ni ukuta. Sote wawili tuliamini hivyo.

Mwezi wa nne wa 1994, mauaji yalipoanza, magari yalikuja kuwachukua wazungu wa Kimihurura. Walichukuliwa wazungu. Anastazi alibaki ndani ya geti, na ukuta ulikaa siku mbili. Sisi Biryogo tulikuwa na siku zetu, na waliojificha kwetu, na hayo nitayaandika mahali pengine. Nilipopata habari za kifo chake ilikuwa Agosti. Nimejiuliza kwa miaka mingi kama bwana yule alihitaji kikaratasi, au kama jina linatosha kukaa kichwani. Watu wenye huruma huniambia wale walikuwa na orodha zao tangu zamani, jina moja zaidi halikuongeza kitu. Huenda. Sikubali kufarijiwa haraka hivyo. Lakini pia sikubali mtu aniambie kwamba ningepaswa kunyamaza. Nilichojutia ni kuliandika jina la Konsolata bila kumwuliza mwenyewe. Kusema jibini ile imetoka wapi sijakujutia hata siku moja.

Konsolata alikuja Biryogo mwaka uliofuata, akiuliza nyumba kwa nyumba. Mume wake alimvusha hadi Goma, akafa kabla ya kumrudisha. Alikuwa amekonda, amevaa viatu vya kiume, amebeba mfuko wa nailoni usio na kitu. Nilimkaribisha ndani, akakataa kula kabla sijamweleza. Alitaka siku ile ya baraza yote, tangu mwanzo: nani alikaa wapi, walianza kula ipi, kaka yake alitoka mlango gani. Nikamweleza. Nikamwambia pia habari ya kikaratasi, kwamba niliandika jina lake bila ruhusa yake, na kwamba kama ana la kunilaumu alitoe hapo hapo.

"Alisema sisi ni watu wa ng'ombe?" aliuliza. "Mbele yao, amesimama?"

"Amesimama. Mikono ikiwa na unga."

Alitingisha kichwa taratibu, mara nyingi, akitazama sakafu. Machozi hayakuja, kwake wala kwangu. Kisha akavuta sahani ya maharage niliyokuwa nimemwekea, akala yote, akafuta sahani kwa mkate, akainua macho.

"Zaituni," alisema, "siku hizi hapa mjini maziwa yanapatikana wapi?"